Bunduki ya mawindo madogo: Unafuu uko kwenye risasi, si kwenye mtutu

Na Mwandishi Wetu

KUANZIA mwezi Septemba, majani ya misitu ya mashariki na katikati ya Marekani yanapokaribia kubadilika rangi, wakazi wengi wa vijijini na wa miji midogo ya nchi hiyo hutoa bunduki kabatini na kuingia porini alfajiri kuwinda kindi na sungura.

Mawindo hayo si ya kutafuta nyara wala sifa. Kindi wa kijivu ana uzito wa takriban nusu kilo, na sungura wa porini wa huko aghalabu hafiki kilo moja na nusu. Katika jimbo la Missouri, sheria inamruhusu mwindaji mwenye kibali kuua kindi wasiozidi 10 kwa siku, idadi inayotosha kitoweo cha familia kwa mlo mmoja au miwili.

Kwa kuwa windo lenyewe ni dogo, swali la kwanza la mwindaji huwa la hesabu. Ni bunduki ya kipimo gani itakayompatia nyama bila kumgharimu fedha nyingi kuliko thamani ya nyama hiyo?

Swali hilo hilo huulizwa na kundi jingine kubwa zaidi, la watu wasiowinda kabisa bali hutumia mapumziko ya mwisho wa juma kulenga makopo matupu, sahani za chuma na karatasi za shabaha. Mtu wa kundi hili anaweza kumaliza risasi 200 kwa saa moja, hivyo bei ya risasi moja kwake ni jambo zito.

Jibu lililozoeleka kwa makundi yote mawili ni risasi ya .22 Long Rifle, ambayo kwa kifupi huandikwa .22 LR. Ni jibu sahihi kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, sababu za unafuu wake na mipaka ya uwezo wake hazifahamiki kwa wengi, na anayeipuuza mipaka hiyo hulipa kwa namna nyingine: mnyama anayetoroka na jeraha, nyama inayoharibika au, baya zaidi, risasi inayomfikia mtu asiyehusika.

Namba hiyo ina maana gani?

Katika lugha ya silaha, kipimo ni upana wa tundu la mtutu, nao hukaribiana na unene wa kichwa cha risasi. Namba .22 ni sehemu 22 kati ya 100 za inchi moja, yaani takriban milimita 5.6. Namba .17 ni takriban milimita 4.4.

Lakini kipimo peke yake hakielezi nguvu ya risasi. Mfano mzuri ni .22 LR na .223 Remington, ambayo hutumiwa katika bunduki za jamii ya AR-15. Vichwa vya risasi hizo mbili vinakaribia kulingana kabisa kwa unene, na mtu asiye na uzoefu anaweza kudhani ni ndugu wa tumbo moja.

Ukweli ni kwamba zinatofautiana kama mbingu na ardhi. Risasi ya .22 LR hutoka mtutuni ikiwa na nguvu ya takriban jouli 190, wakati ile ya .223 hutoka na takriban jouli 1,700, yaani karibu mara tisa. Tofauti hiyo inatokana na ukubwa wa ganda na wingi wa baruti iliyomo. Sungura akipigwa kifuani kwa .223, mwindaji hana cha kupeleka jikoni.

Kwa maneno mengine, anayechagua silaha ya mawindo madogo hatafuti nguvu kubwa. Anatafuta nguvu inayotosha, kwa bei anayoweza kuilipa kila mwezi.

Siri ya unafuu wa .22

Asili ya risasi hii ni Ulaya. Mnamo mwaka 1845, fundi wa silaha wa Paris aitwaye Louis-Nicolas Flobert alitengeneza risasi ndogo sana ya kulengea shabaha ndani ya nyumba. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitoa bastola yake ya kwanza ikitumia risasi iliyotokana na wazo hilo, ambayo leo inajulikana kama .22 Short. Miaka 30 baadaye, mwaka 1887, kampuni ya Stevens ya jimbo la Massachusetts ilitoa .22 Long Rifle, ambayo haijabadilika sana hadi leo.

Wanaolifahamu gobore wanajua kwamba fataki yake huvikwa kwenye kichomozo kidogo nje ya mtutu. Nyundo huigonga, moto hupenya ndani, na baruti hulipuka. Katika risasi nyingi za kisasa fataki hiyo ni kikombe kidogo cha shaba kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda.

Risasi ya .22 LR haina kikombe hicho. Unga wa fataki, ukiwa bado umelowa, huwekwa ndani ya ganda tupu, kisha ganda huzungushwa kwa kasi hadi unga ukaingia kwenye ukingo mwembamba unaozunguka kitako. Pini ya bunduki inapouponda ukingo huo, unga hulipuka na kuwasha baruti. Ndiyo maana risasi za jamii hii huitwa risasi za ukingo.

Utaratibu huo una faida na hasara zinazotoka chungu kimoja. Faida ni kwamba ganda na fataki ni kitu kimoja, hivyo kiwanda hakihitaji kutengeneza wala kupachika kikombe cha ziada. Hasara ni kwamba ukingo lazima uwe mwembamba na laini ili upondeke kirahisi, na kwa hiyo ganda haliwezi kuhimili msukumo mkubwa wa gesi. Risasi ya ukingo inabaki kuwa ndogo kwa nguvu, mtu apende asipende.

Aidha, ganda likishaponda ukingo wake halirudi kiwandani wala nyumbani kujazwa upya. Linatumika mara moja na kutupwa.

Malighafi nayo ni haba. Kichwa cha kawaida kina uzito wa gramu 2.6 tu, tena cha madini laini ya risasi, ambayo ndiyo yaliyoipa kitu hiki jina lake la Kiswahili. Mara nyingi hupakwa utando mwembamba sana wa shaba, badala ya kuvikwa koti zima la shaba kama risasi kubwa. Baruti yake ni takriban sehemu moja ya kumi ya gramu.

Wingi ndio unaoshusha bei

Udogo huo, hata hivyo, hauelezi kila kitu. Kama bei ingefuata udogo peke yake, .22 Short, yenye ganda fupi zaidi na baruti pungufu, ingekuwa rahisi kuliko .22 LR. Madukani hali ni kinyume. Kwa kawaida .22 Short huuzwa kwa bei ya juu, kwa sababu wanunuzi wake ni wachache na viwanda huitengeneza kwa nadra.

Jambo hilo hilo linaonekana katika bunduki za marisau, maarufu kama shotigani. Risasi za .410, ambazo ni nyembamba na zina marisau machache, huuzwa ghali kuliko zile nene za kipimo cha 12 au 20. Sababu ni ile ile: kiwanda hupunguza bei ya kitu kinachotengenezwa kwa wingi bila kusimama.

Hapo ndipo .22 LR inapowaacha wenzake mbali. Inatengenezwa mfululizo katika viwanda vya nchi nyingi, vikiwamo vya CCI mjini Lewiston katika jimbo la Idaho, Federal mjini Anoka katika jimbo la Minnesota, Eley mjini Birmingham nchini Uingereza na Aguila mjini Cuernavaca nchini Mexico. Ndiyo inayotumika katika mashindano ya Olimpiki ya bunduki ya mita 50, na tangu mwaka 1978 ndiyo inayotumika pia katika mchezo wa majira ya baridi wa kuteleza kwenye theluji na kulenga shabaha.

Bunduki zake nazo ni nyingi na za bei nafuu. Marlin Model 60, iliyoanza kuuzwa mwaka 1960, na Ruger 10/22, iliyotoka mwaka 1964, ni miongoni mwa bunduki zilizouzwa kwa wingi mkubwa nchini humo, na nyingi kati ya zile za awali bado zinafanya kazi mikononi mwa wajukuu wa walionunua.

Hesabu ya mwaka mzima

Katika miaka ya karibuni, risasi ya kawaida ya .22 LR imekuwa ikiuzwa katika maduka ya Marekani kwa takriban senti 6 hadi 10 za dola. Risasi za ukingo zinazoizidi nguvu, yaani .17 HMR na .22 WMR, zimekuwa zikiuzwa kwa takriban senti 25 hadi 40.

Tofauti ya senti 20 haimtishi mtu mpaka aizidishe. Chukua mfano wa mtu anayefyatua risasi 300 kwa mwezi kwa kulenga makopo na karatasi, ambazo kwa mwaka ni risasi 3,600. Kwa senti 8 kila moja, atatumia dola 288. Kwa senti 30 kila moja, atatumia dola 1,080.

Pengo ni dola 792. Bunduki mpya ya kawaida ya .22 huuzwa kwa takriban dola 200 hadi 400. Ni kusema kwamba tofauti ya bei ya risasi ndani ya mwaka mmoja inatosha kununua bunduki mbili. Wahenga hawakukosea waliposema haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba hujazwa kwa kutoka mfukoni.

Sasa chukua mfano wa mwindaji halisi, anayekwenda porini siku chache kwa mwaka na kufyatua risasi 60 tu. Kwa senti 8, gharama yake ni dola 4.80. Kwa senti 30, ni dola 18. Pengo ni dola 13.20 kwa mwaka mzima, kiasi ambacho ni kidogo kuliko mafuta ya gari atakayotumia kufika msituni.

Hesabu hizi mbili zinafichua jambo ambalo wanunuzi wengi hulikosa. Gharama ya silaha ndogo haiko kwenye kuwinda, iko kwenye mazoezi. Kwa mlenga makopo, bei ya risasi ndiyo kila kitu. Kwa mwindaji, bei hiyo ni jambo la pili, na la kwanza ni iwapo risasi yake itamuua mnyama papo hapo kwa umbali anaokusudia kufyatua.

Washindani na nafasi zao

Mshindani wa zamani zaidi miongoni mwa risasi za ukingo zinazouzwa sana ni .22 WMR, iliyotolewa na kampuni ya Winchester mwaka 1959. Kichwa chake cha gramu 2.6 hutoka kwa kasi ya takriban mita 570 kwa sekunde na nguvu ya takriban jouli 430, zaidi ya mara mbili ya .22 LR. Hufaa kwa wanyama wakubwa kidogo kama rakuni na mbweha wanaovamia mabanda ya kuku, lakini kwa kindi mara nyingi huharibu nyama.

Mshindani wa pili ni .17 HMR ya kampuni ya Hornady, iliyotoka mwaka 2002. Kichwa chake ni chepesi mno, gramu 1.1 tu, lakini huruka kwa kasi ya takriban mita 770 kwa sekunde. Kasi hiyo huifanya iende karibu sambamba na mstari wa macho hadi zaidi ya mita 100, hivyo mlengaji hahitaji kukisia sana inavyoshuka. Kasoro yake ni kwamba kichwa hupasuka vipande kinapogonga. Anayewinda kwa ajili ya chakula hulazimika kulenga kichwa cha mnyama tu.

Ikumbukwe kwamba risasi hizi hazibadilishani bunduki. Ganda la .22 WMR ni nene kuliko la .22 LR, na kuipachika .22 LR katika mtutu wa .22 WMR kwa kuwa namba zinafanana ni hatari, maana ganda linaweza kupasuka na kumrudishia mlengaji gesi ya moto usoni. Maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu ndiyo ya kufuatwa, si macho.

Wapo pia wanaochagua bunduki za upepo za milimita 4.5 au 5.5, ambazo hazina baruti kabisa. Kidonge chake hugharimu senti chache, na kwa umbali usiozidi mita 25 hadi 30 huweza kumuua kindi au njiwa iwapo mlengaji ni hodari. Katika England na Wales, bunduki ya namna hiyo isiyozidi nguvu ya takriban jouli 16 haihitaji cheti cha silaha, ila Scotland iliweka sharti la leseni kuanzia mwisho wa mwaka 2016.

Bunduki ya marisau nayo ina nafasi yake, hasa kwa ndege anayeruka na sungura anayekimbia, ambao kuwafyatulia risasi moja moja ni kubahatisha na ni hatari. Hata hivyo, kitako chake husukuma bega kwa nguvu na risasi zake ni ghali kuliko .22 LR, hivyo si chombo cha kufyatua mara 200 kwa alasiri moja.

Kundi la mwisho ni la wanaojaza maganda wenyewe. Risasi zenye fataki katikati, kama .38 Special au hiyo .223, zinaweza kuondolewa fataki iliyotumika, kupachikwa mpya, kupimiwa baruti na kuwekwa kichwa kingine. Mtu mwenye subira hupunguza gharama zake kwa kiasi kikubwa, lakini huhitaji mashine, mizani makini na saa nyingi mezani. Hata baada ya kazi hiyo yote, ni vigumu kuishinda bei ya .22 LR.

Mita 50 za uaminifu

Mpaka wa kwanza wa .22 LR ni umbali. Risasi iliyorekebishwa igonge katikati ya shabaha kwa mita 50, ikifika mita 100 huwa imeshuka kwa sentimeta 15 au zaidi, na upepo wa kawaida huisukuma kando kwa sentimeta kadhaa.

Sehemu ya kindi inayomuua papo hapo ina ukubwa wa ndimu ndogo. Mlengaji anayekosea kwa sentimeta 15 hapigi ndimu hiyo ila kwa bahati. Ndiyo sababu wawindaji waangalifu hujiwekea mpaka wa takriban mita 50, na kama hawawezi kuukaribia umbali huo, humwacha mnyama aende zake.

Mpaka wa pili ni mtutu wenyewe. Kila bunduki ya .22 ina risasi inayoipenda. Chapa inayokusanya matundu mahali pamoja katika bunduki moja hutawanya katika nyingine. Njia ya gharama ndogo ni kununua boksi moja moja la risasi 50 la chapa tano au sita tofauti, kuzijaribu siku isiyo na upepo, kisha kununua kwa jumla ile iliyofanya vizuri. Anayeanza kwa kununua risasi 500 kwa kuwa bei imeshushwa huweza kujikuta na shehena ya risasi ambazo bunduki yake inazikataa.

Ndogo, lakini si mchezo

Kwa sababu .22 LR haisukumi bega na mlio wake ni mdogo, ndiyo silaha ambayo watoto wengi wa Kimarekani hufundishiwa. Upole huo huwapumbaza hata watu wazima.

Maboksi mengi ya risasi hizo yamechapwa onyo kwamba inaweza kufika umbali wa maili moja na nusu, yaani takriban kilomita 2.4. Kilomita hizo zinatosha kuvuka kijiji kizima. Mwindaji anayemlenga kindi aliye juu ya tawi, nyuma yake pakiwa na anga tupu, hajui risasi yake itaangukia wapi. Kanuni ni kungoja mpaka mnyama asimame mbele ya shina nene la mti, ili shina liipokee risasi itakayokosa.

Vile vile, risasi hii laini na ya mwendo mdogo hudunda kirahisi ikigonga mawe, ardhi ngumu au uso wa maji. Kulenga makopo yanayoelea ziwani ni kosa ambalo limeonywa kizazi baada ya kizazi. Tuta la udongo mlaini nyuma ya shabaha na miwani ya kukinga macho ndiyo mahitaji ya chini kabisa.

Nafuu inapoadimika

Unafuu una sharti moja: bidhaa iwepo dukani. Mnamo Desemba 14, 2012 mtu mwenye silaha aliwaua watoto 20 na watu wazima sita katika shule ya msingi ya Sandy Hook, jimboni Connecticut. Mjadala wa kukaza sheria za silaha ulipoanza, wamiliki wengi waliingiwa na hofu na kukimbilia kununua risasi za kuweka akiba.

Matokeo yake, .22 LR, iliyokuwa bidhaa ya kawaida kabisa, ilitoweka madukani kwa miaka kadhaa. Maduka yaliweka kikomo cha maboksi kwa kila mteja, na walanguzi waliuza kwa bei maradufu. Viwanda vilikuwa vikifanya kazi usiku na mchana, lakini kila kilichotoka kilinunuliwa siku hiyo hiyo. Hali kama hiyo ilijirudia mwaka 2020 wakati wa janga la korona.

Funzo lililobaki ni kwamba wanaofyatua kwa kiasi hununua kidogo kidogo bei ikiwa shwari, badala ya kungoja taharuki.

Suala la madini ya risasi

Mpaka mpya zaidi unatoka kwenye sheria za mazingira. Madini ya risasi ni sumu. Ndege wala mizoga wanaokula mabaki ya mnyama aliyepigwa humeza vipande vyake na kufa polepole.

Aliyeathirika zaidi ni tai mkubwa wa California aitwaye kondori, ambaye mwaka 1982 walikuwa wamebaki takriban 22 tu duniani. Uchunguzi ulionyesha kuwa sumu hiyo ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vyao. California ilipitisha sheria mwaka 2013, na kuanzia Julai 1, 2019 ni marufuku katika jimbo hilo kuwinda mnyama yeyote wa porini kwa risasi zenye madini hayo, wakiwamo sungura na kindi.

Kwa .22 LR, marufuku hiyo ni pigo. Sehemu ya chini ya kichwa chake imepunguzwa unene ili iingie ndani ya ganda, na hutegemea ulaini wa madini ili ikamate vizuri ndani ya mtutu. Shaba ni ngumu na nyepesi zaidi, hivyo vichwa vya shaba vya kipimo hiki vimekuwa ghali na mara nyingi havilengi vyema. Mwaka 2024 kampuni ya Winchester ilitangaza risasi mpya ya ukingo, .21 Sharp, yenye kichwa kinachoingia moja kwa moja ndani ya ganda, ikilenga kurahisisha matumizi ya madini mengine.

Iwapo majimbo mengine yatafuata nyayo za California, mwindaji wa huko atalazimika kufanya hesabu upya. Mlenga makopo hataguswa moja kwa moja, kwa kuwa marufuku hiyo inahusu uwindaji.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki

Mazingira ya Marekani hayafanani na ya huku. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977. Tanzania inauruhusu kwa vibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, huku umiliki wa bunduki ukisimamiwa na sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015, inayomtaka mmiliki awe na leseni. Sungura, kanga au kwale aliyeko porini si mali ya aliyemwona kwanza, na udogo wa bunduki haumpunguzii mtu kosa.

Kwa wale ambao sheria inawaruhusu, popote walipo, mpangilio wa uchaguzi ni huu. Anayetaka kulenga makopo na kujifunza kulenga achukue .22 LR, wala asihangaike na nyingine. Anayewinda kindi na sungura ndani ya mita 50 atumie hiyo hiyo, akishajua risasi inayopendwa na bunduki yake. Anayelazimika kufyatua hadi mita 100 afikirie .17 HMR, na anayekabili mnyama mkubwa kuliko sungura afikirie .22 WMR, akijua kwamba pengo la bei kwa risasi chache za mwaka ni dogo.

Na asiye na uhakika wa kile kilichoko nyuma ya mnyama asifyatue kabisa, hata kama risasi yake ni ya senti nane.